Kasia la Kuzuia

Februari moja niliketi juu ya mawe ya ukingo wa Mto Rogue, kusini mwa jimbo la Oregon, nikimtazama mzee mmoja akishuka na mashua yake. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma vidole. Wageni wake wawili walikaa omo, kila mmoja na fimbo yake ya kuvulia, wakingoja. Yeye alikaa katikati, uso ameuelekeza kule waendako, akivuta makasia kinyume cha mto. Maji yalikuwa na haraka, mashua haikuwa nayo. Ilishuka polepole, karibu kusimama, ikihamia kushoto kidogo, kisha kulia kidogo. Fimbo moja ilipopinda, wageni walipiga kelele za furaha, na ilikuwa haki yao. Lakini aliyemvua samaki yule ni mzee, naye hakuwa ameshika hata mshipi.

Uvuvi wa samoni na stilihedi kwa mashua ya mkondo unaanzia hapo, kwenye kuzuia. Wapiga makasia wengi duniani huipa mgongo njia yao na kuvuta ili wafike. Huyu huitazama njia na kuvuta ili achelewe. Akiona hatari mbele, jabali au mti ulioangukia majini na matawi yake, hajaribu kuupita mto kwa mbio. Huielekezea omo hatari ile, mashua ikakaa mshazari, kisha huvuta kujitenga nayo, na nguvu ya maji ikamvusha hadi upande ulio salama. Mwili wa mgeni hukataa jambo hili, maana kuielekea hatari ili kuiepuka si tabia ya binadamu. Ndiyo maana halifundishwi kwa maneno. Mikono lazima iambiwe na mto wenyewe, tena na tena, mpaka ikubali.

Wazee wa kazi hii huanza na mwanafunzi bila fimbo. Humpa makasia na kipande cha mto kilichotulia, kisha humwamuru aisimamishe mashua kando ya jiwe bila kutia nanga. Akiweza, jiwe jingine. Baadaye hufundishwa kuyasoma maji: uso wa mto ukichora ncha inayoelekea chini, hapo pana njia, ncha ikielekea juu, jiwe limejificha. Maji yanayotembea kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, yenye kina cha kiuno hadi kifua, ndiyo stilihedi anayoyapenda kupumzikia. Na nanga, inayoning'inia tezi, haitupwi kwenye maji makali hata kidogo, kwa kuwa mto utaivuta tezi chini na kuijaza mashua kabla mtu hajaifikia kamba.

Nataka kukaa kidogo kwenye uvuvi ule niliouona, kwa sababu ndani yake uzuri wote wa kazi hii unaonekana. Chambo bandia hutolewa mbele ya mashua, mita kumi na tano hivi au zaidi, kikaachwa huko. Mvuvi hana tena la kufanya. Mashua ikishuka kwa kasi ya mto, chambo huelea tu, kitu kisicho na maana. Ikizuiwa, maji hukipiga usoni, kikazama, kikaanza kutetemeka karibu na changarawe. Mpiga makasia basi hukishusha chambo hicho hatua kwa hatua kuelekea pale anapoamini samaki amelala. Hamwoni samaki, wala chambo hakioni. Anachokiona ni ncha ya fimbo inavyotetema, na rangi ya maji. Samaki hurudi nyuma mbele ya kitu hiki kinachomjia, hurudi tena, mpaka mahali pa kurudi panakwisha au subira inamwishia, ndipo anapokibamiza. Makasia yakisita kwa pumzi moja, chambo hupanda, na kazi yote ya kumsogeza samaki imepotea. Hakuna chombo dukani kinachoweza kufanya hivyo badala ya mtu.

Mashua yenyewe ilizaliwa na haja hiyo. Chini ni bapa, mbavu zimetanuka kwa nje, na imepinda kutoka omo hadi tezi kama kipande cha tikiti, hata ikigusa maji ni sehemu ndogo tu ya katikati inayoshikwa na mto, na kasia moja hutosha kuigeuza. Mwaka 1915 Glen Wooldridge alishuka Rogue kwa mashua ya kujiundia mwenyewe, akaja kuwa mmoja wa waongozaji wanaokumbukwa zaidi kwenye mto ule. Kaskazini yake, kwenye Mto McKenzie, mafundi kina Tom Kaarhus, mtu aliyetoka Norway, na Woodie Hindman waliendelea kulirekebisha umbo la mashua hiyo, wakihama kutoka mbao nzito kwenda plaiwudi. Waliwasikiliza waongozaji waliokuwa wakirudi jioni na mashua zilizokwaruzwa na mawe. Leo nyingi ni za glasifaiba au alumini. Siwalaumu wenye nazo. Ila mbao hupasuka mtu akilipiga jiwe, na aliyewahi kulitengeneza pengo kwa mikono yake hatalisahau jiwe lile.

Stilihedi ni trauti aliyekwenda baharini. Wa jamii hiyohiyo waliletwa Kenya zama za ukoloni, wakapandwa kwenye mito baridi ya Mlima Kenya na Aberdare, na mpaka leo wanaishi humo bila kuijua bahari. Ndugu zao wa Oregon huijua, kisha huuacha ukubwa wake wote na kurudi kwenye mto walimozaliwa. Samoni wa Pasifiki huzaa na kufa. Stilihedi baadhi huzaa na kurudi tena baharini. Ukiifikiria safari hiyo, unaona haya kumkimbilia samaki wa namna hiyo kwa pupa.

Na pupa ndiyo ninayoiona sasa. Mashua mpya inanunuliwa Ijumaa na Jumamosi alfajiri iko mtoni, imejaa vyombo vya thamani, na aliyeshika makasia hajui kuisimamisha. Anapita juu ya maji ambayo mwenzake ameyashuka kwa subira nusu saa nzima, wala hapungi mkono. Wakati wa kuzaa anaburuta nanga juu ya changarawe ambamo samoni amefukia mayai. Haya yanatendwa kwenye mito ambayo tayari imeumizwa: kwenye tawi la kusini la McKenzie, bwawa la Cougar lilikamilika mwaka 1963, na mwaka 1999 samoni wa Chinook wanaopanda bonde la juu la Willamette majira ya kuchipua, McKenzie ikiwamo, waliingizwa kwenye orodha ya viumbe wanaotishiwa kutoweka.

Mabwawa hubomolewa pia. Kwenye Mto Klamath manne yaliondolewa mwaka 2023 na 2024, na kabla mwaka huo wa pili haujaisha samoni walikuwa wamekwisha kupanda hadi Oregon. Nilifurahi kama wengine. Lakini mabonde yale yalipotoka chini ya maji yalifichua maporomoko yaliyokuwa yamezama, mengine tangu 1918, na wapiga makasia wa leo hawakuwa wameyazoea. Samaki waliikuta njia bila kuonyeshwa. Watu wanalazimika kusimama ukingoni na kuyasoma upya, jiwe kwa jiwe, na wanaoweza kuwafundisha kusoma hivyo ni wazee wachache, ambao siku hizi mara nyingi hushuka mtoni peke yao.