Udhia si kafara: Neno lililorudisha nyama ya Idi

Siku ya Idi ya kuchinja, jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Ruiru alimtuma bintiye mlango kwa mlango na vifuko vya nyama ya mbuzi. Kwangu tulipokea tukashukuru. Mlango uliofuata ulifunguliwa na mama mmoja ambaye siku zote huazimana chumvi na hao hao jamaa. Alikitazama kifuko, akasema kwa upole, "Mwambie mama asante, lakini sisi hatuli nyama ya kafara." Binti akateremka ngazi na kifuko chake mkononi.

Jioni nilikutana na mama huyo langoni. "Mama, mbona ukarudisha?" nikamuuliza. "Prof, mimi sina ubaya na mtu," akanijibu. "Lakini hata kwa redio asubuhi wamesema Waislamu leo wanatoa kafara. Na kafara si ndiyo ile ya watu wa kutafuta utajiri?"

Nikanyamaza. Sikuona chuki kwa mama huyu. Alichokuwa nacho ni Kiswahili, tena kile tulichomfundisha sisi.

Hebu tuangalie jinsi neno hili linavyotumika siku hizi. Waziri akifutwa kazi, tunasoma kwamba ametolewa kafara. Karani mdogo akibebeshwa makosa ya wakubwa, yeye ni "mbuzi wa kafara". (Huyo mbuzi tumemtoa katika Walawi sura ya 16, na ajabu ni kwamba mbuzi aliyebebeshwa dhambi pale hakuchinjwa, aliachiliwa aende zake nyikani!) Katika filamu na habari za uhalifu, kafara ni mtoto aliyeuawa ili mtu apate mali. Hizo ndizo picha zinazomjia msikilizaji wa kawaida wa Ruiru au Thika. Ukimwambia kwamba jirani yake anatoa kafara, utamlaumuje akiogopa kula?

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na mzizi wake unahusu kufunika. Katika sheria ya Kiislamu, kafara ni fidia ya kosa maalumu. Aliyevunja kiapo, kwa mfano, hulisha maskini kumi, au huwavisha, au humwacha huru mtumwa. Asiyeweza hufunga siku tatu. Hayo yamo katika sura ya Al-Maida, aya ya 89. Mnaona? Hapo hakuna kisu wala damu. Anayechinja siku ya Idi hajavunja kiapo wala halipii kosa. Kwa hivyo ukisema anatoa kafara unamkosea mara mbili, kwa maana ya mtaani na kwa maana ya vitabuni.

Analolifanya lina jina lake: udhia. Huchinjwa baada ya swala ya Idi, tarehe 10 ya Dhulhija, mwezi ambao Waswahili huuita Mfunguo Tatu, au katika siku tatu zinazofuata. Mnyama ni kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia, na watu saba wanaweza kushirikiana ng'ombe au ngamia mmoja. Asiwe chongo, asiwe anachechemea, asiwe mgonjwa wala aliyekonda. Kwa wafuasi wa Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, udhia ni sunna iliyotiliwa mkazo. Kwa Wahanafi ni wajibu kwa mwenye uwezo. Mchinjaji halipwi kwa ngozi wala kwa nyama ya mnyama huyo. Na nyama, kwa desturi, hugawanywa mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, na la maskini. Sura ya Al-Hajj, aya ya 37, inafundisha kwamba nyama na damu hazimfikii Mungu. Kinachomfikia ni ucha Mungu wa mja. Nyama ni ya watu. Kile kifuko kilichorudishwa kilikuwa fungu la jirani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Thika, mtaa wa Majengo, kumjulia hali mzee mmoja Mwislamu niliyewahi kufundisha naye. Nilipomsimulia kisa hiki alicheka kidogo. "Mwalimu, nyama wanayonunua buchari kila siku, wanadhani imechinjwa na nani?" Ana hoja. Katika machinjio mengi ya nchi hii mchinjaji ni Mwislamu, ili kila mteja aweze kula. Mama yule amekula nyama iliyosomewa bismillahi miaka mingi bila kudhurika. Kilichomtisha safari hii ni neno.

Najua nitajibiwa kwamba kamusi zinakubali kafara kuwa kitu kinachotolewa, pengine mnyama, ili kuondoa balaa. Nitakumbushwa pia kwamba zamani Mombasa na Lamu ng'ombe alizungushwa mjini kisha akachinjwa, ili kuukinga mji na maafa. Ni kweli. Lakini hiyo ni mila nyingine, yenye kusudi lake. Kuwepo kwa neno kamusini hakutupi ruhusa ya kulibandika popote.

Wakristo nao wanalo neno dhabihu, linalotokea mara nyingi katika Biblia ya Union Version. Mzizi wake wa Kiarabu, wenye maana ya kuchinja, ndio huo huo unaotumiwa na Kurani katika kisa cha Ibrahimu na mwanawe, sura ya As-Saffat. Mama aliyerudisha nyama amekisikia kisa hicho kanisani tangu utotoni. Laiti redio ingemwambia kwamba jirani yake anamkumbuka Ibrahimu!

Na tusidhani mambo haya ni mageni bara. Thika ni mji wa mugumo, ule unaosimuliwa kwamba ulianguka mwaka wa 1963 na utawala wa Mwingereza ukaanguka nao. Chini ya migumo wazee wa Agikuyu walitoa igongona, wakiomba mvua kwa kondoo wa rangi moja, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha 1938. Ukiifasiri igongona kuwa kafara kwa maana ya leo, umemfanya babu yako mwenyewe kuwa mchawi.

Sasa nikiri kosa langu. Kwa miaka mingi niliandika ubaoni sadaka, kafara, dhabihu, mhanga na udhia, nikaweka mabano na kuandika "visawe". Wanafunzi wakanakili. Baadhi yao leo wanasoma taarifa za habari. Lawama ianze kwangu.

Mwakani, wahariri, tuandike kwamba Waislamu wanachinja udhia. Kama tunahofia msikilizaji halijui neno hilo, tuongeze sentensi moja ya kulieleza.

Nilimweleza yule mama haya yote, tukiwa pale pale langoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Sasa, Prof, kale katoto kalijisikiaje kakirudi na nyama?"

Sikuwa na jibu.