Tafsiri ya Vyeo vya Maofisa Wakuu wa Wanamaji katika Kiswahili

Shabaha ya makala haya ni kuchunguza jinsi maandishi yetu yanavyovitaja vyeo vya maofisa wakuu wa wanamaji, na kupima kama msomaji asiyejua lugha za kigeni aweza kuvilinganisha baina ya nchi na nchi. Nathubutu kusema mapema kwamba hawezi, na kwamba kosa si lake wala si la lugha. Kosa ni letu sisi tunaotafsiri.

Jambo hili lilinijia nikiwa Holili, mahali palipo mbali na bahari. Holili ni mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Rombo. Ng'ambo yake ni Taveta ya Kenya. Nilikuwa nimeketi mkahawani nikingoja gari la kwenda Moshi, redio ikamtaja mkuu wa wanamaji wa Tanzania kwa cheo cha "Rear Admiral". Dereva mmoja wa lori, mwenyeji wa upande wa Kenya, akauliza kama cheo hicho ni kikubwa au kidogo kuliko Meja Jenerali, kwani mkuu wa wanamaji wa kwao huitwa hivyo. Mzee aliyejua Kiingereza kidogo akamjibu, "Kijana wangu, hilo maana yake ni admirali wa nyuma. Bila shaka wenu yuko mbele." Watu wakacheka, mazungumzo yakaishia hapo.

Jibu lile halikuwa sahihi, maana vyeo hivyo viwili ni ngazi moja. Lakini mzee hakukosa kwa ujinga; alitafsiri neno kwa neno, kama tufanyavyo wengi wetu. Katika merikebu za vita za Uingereza za karne zilizopita, kundi la meli liligawanywa sehemu tatu: ya mbele, ya kati na ya nyuma. Aliyeongoza sehemu ya nyuma akapewa jina la mahali pake. Mpango ule wa vita umekwisha zamani, jina limebaki. Kwa hiyo "nyuma" hapa ni historia ya neno, wala si maana yake ya leo. Anayeandika "admirali wa nyuma" amekitafsiri kisichokuwapo tena, akakiacha kilichopo.

Na tutazame lugha ilivyokuwa imetukirimia kabla ya hapo. Ngazi za maofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania zajulikana: Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali, Jenerali. Kwa miaka mingi wanamaji wa Tanzania walipanda ngazi hizo hizo, na mkuu wao akaitwa Meja Jenerali. Kenya imeendelea na utaratibu huo mpaka leo. Hata Samson Mwathethe, mwanamaji aliyekuwa Mkuu wa Majeshi ya Kenya kutoka mwaka 2015 hadi 2020, aliitwa Jenerali. Tanzania imehama miaka ya karibuni, na kuhama ni haki yake. Ninalolikosoa si cheo, bali ni kwamba jina lilipohama hakuna aliyemwonyesha msomaji ngazi iko wapi.

Hatari kubwa zaidi imo katika neno ambalo twadhani twalijua, yaani Kapteni. Katika jeshi la nchi kavu, Kapteni ni ofisa mdogo, chini ya Meja. Katika majeshi ya wanamaji yanayofuata desturi ya Kiingereza, jina hilo hilo ni la ofisa aliye sawa na Kanali, ngazi tatu juu. Gazeti likiandika kwamba manowari ya kigeni imetia nanga Mombasa chini ya "Kapteni" fulani, limemvua mgeni ngazi tatu bila kujua. Neno Kamanda nalo latega. Kwetu ni jina la wadhifa, na kamanda wa polisi wa mkoa si lazima awe na cheo kimoja na mwenzake. Lakini kwa wanamaji wa Uingereza ni cheo kamili, sawa na Luteni Kanali.

Pengine msomaji atasema haya ni madogo. Basi na atazame historia ya nchi hii. Vita vilipoanza mwaka 1914, mkuu wa jeshi la Wajerumani hapa, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na cheo cha Oberstleutnant, yaani Luteni Kanali. Mkuu wa manowari Königsberg, Max Looff, alikuwa Fregattenkapitän. Manowari hiyo ilipoangamia katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake iliopolewa ikaburutwa nchi kavu pamoja na mabaharia wake. Mmoja wa mizinga hiyo ulifika Kahe, kusini ya Moshi, ukavunjwa huko na wenyewe mwezi Machi 1916. Mtafsiri akiandika "Kapteni Looff" na "Luteni Kanali von Lettow-Vorbeck", msomaji ataona mdogo na mkubwa walioachana ngazi mbili, ilhali vyeo vyao vilikuwa ngazi moja. Na nani alikuwa juu ya nani ndilo swali ambalo kila mwandishi wa vita hana budi kulijibu.

Wala tusidhani kwamba lugha za Ulaya zapatana zenyewe kwa zenyewe. "Contre-amiral" wa Ufaransa ni sawa na Brigedia Jenerali, na "vice-amiral" wao ni sawa na Meja Jenerali. Bali Makamu wa Admirali wa Uingereza ni sawa na Luteni Jenerali. Majina yanafanana, ngazi zinapishana. Marekani nayo hutumia jina la "Rear Admiral" kwa ngazi mbili, ya nyota moja na ya nyota mbili. Hata kuhesabu nyota hakutoshi, kwa kuwa Mfaransa wa ngazi ya Brigedia Jenerali huvaa mbili.

Iko njia nyingine, nayo si ngeni kwetu. Waarabu, Oman ikiwamo, huwapa askari wote ngazi moja, kisha humtaja mwanamaji kwa kuongeza neno la bahari: "liwa" ni Meja Jenerali, na "liwa bahri" ni Meja Jenerali wa bahari. Wachina, waliosaidia kuijenga kamandi ya wanamaji ya Tanzania, hufanya vivyo hivyo kwa kutanguliza neno la jeshi la majini. Hii ndiyo njia tuliyokuwa tukiifuata sisi wenyewe.

Wako watakaopendekeza neno "amiri", na hoja yao ina uzuri: "admiral" lenyewe lilitoka katika amiri ya Kiarabu, hivyo tungekuwa tunarudishiwa mali yetu. Sikubaliani nao. Rais wa Jamhuri ndiye Amiri Jeshi Mkuu kwa Katiba, na haifai neno hilo kugawiwa maofisa walio chini yake. Nahodha pia halifai. Hilo ni jina la kazi, nalo latumika kwa jahazi, kwa meli na hata kwa timu ya mpira.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, cheo rasmi cha mtu kiachwe kama serikali yake ilivyokiweka, ila mwandishi akitajapo mara ya kwanza aongeze ngazi yake: admirali wa ngazi ya Meja Jenerali. Pili, panapotafsiriwa historia au habari za kigeni, tutumie ngazi zetu na neno "wa wanamaji": Kanali wa wanamaji, Brigedia Jenerali wa wanamaji. Jedwali la jambo hili laweza kutengenezwa na Baraza la Kiswahili la Taifa pamoja na wenzetu wa Kenya. Nalo litahitaji ukurasa mmoja tu.

Yule dereva wa Holili aliuliza swali la haki kwa Kiswahili safi. Alistahili kujibiwa kwa lugha hiyo hiyo, na kwa usahihi.