Ukweli na Mighani katika Wasifu wa J.M. Kariuki

Wasifu ni utanzu unaosimama baina ya historia na fasihi. Kutoka kwa historia huazima tarehe na ushahidi; kutoka kwa fasihi huazima shujaa, mgogoro na kilele. Wahakiki wengi hutenganisha pande hizo kwa kigezo chepesi: lililoandikwa ni ukweli, linalosimuliwa kwa mdomo ni mighani. Maisha ya Josiah Mwangi Kariuki, maarufu kama J.M., yanadhihirisha udhaifu wa kigezo hicho.

Sehemu ya kwanza ya maisha hayo aliisimulia mwenyewe. Tawasifu yake ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1963, kisha ikatolewa kwa Kiswahili kwa jina la *Mau Mau Kizuizini*. Humo anaeleza jinsi alivyozuiliwa katika kambi 14 kati ya 1953 na 1960. Shahidi ndiye shujaa, na kitabu kilitoka mwaka uleule alioingia Bungeni. Hilo halikibatilishi, ila linamtaka msomaji akilinganishe na kumbukumbu nyingine za kambi hizo.

Sehemu ya mwisho haina msimulizi mmoja. Kariuki, aliyekuwa mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, Nairobi, tarehe 2 Machi 1975. Siku iliyofuata mchungaji wa Kimaasai aliikuta maiti yake katika vilima vya Ngong, vilima vinavyoonekana kutoka Kiserian. Siku chache baadaye gazeti kubwa la Nairobi likachapisha kwamba mbunge huyo yuko Zambia. Jamaa zake waliitambua maiti tarehe 11 Machi. Hapa mighani ilipigwa chapa, na ukweli ulikuwa kinywani mwa mchunga mifugo.

Hata ripoti ya Kamati Teule ya Bunge, iliyoongozwa na Elijah Mwangale na kutolewa Juni 1975, ina ukimya wake: inasimuliwa kuwa majina mawili yaliondolewa kabla haijawasilishwa.

Haifuati kwamba kila masimulizi ya mdomo ni kweli. Usemi maarufu wa Kariuki kuhusu mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi hunukuliwa kwa maneno yanayotofautiana, mara nyingi bila kutajwa siku wala mkutano. Mwandishi wa wasifu anaweza kuutumia kama ushahidi wa kile umma ulichokisikia na kukihifadhi. Hawezi kuutumia kama hotuba iliyorekodiwa neno kwa neno. Swali la kuulizwa ni lilelile kwa karatasi na kwa kinywa: nani alisema, lini, aliona nini, na angefaidika au kudhurika vipi kwa kusema?

Kwa kipimo hicho, upungufu mkubwa wa masimulizi mengi juu ya kifo hiki unahusu mandhari. Ngong huchorwa kama pori tupu, jukwaa la maafa, na mchungaji hupewa sentensi moja kisha akatoweka. Msomaji wa Kiserian anajua kwamba vilima hivyo ni malisho. Kupatikana kwa maiti siku iliyofuata ndiko kunakothibitisha kuwa halikuwa pori tupu: palikuwa na mtu, mifugo yake, na macho yaliyoona. Wasifu unaomfanya mtu huyo kuwa sehemu ya mandhari umempoteza shahidi wake wa kwanza.