Ipi ya Kompyuta, Ipi ya Ruta

Katika duka la steshenari lenye kompyuta tatu na printa moja, malalamiko ni yaleyale: "Mtandao haupo." Fundi makini hakimbilii kuzima na kuwasha ruta. Huketi kwenye kompyuta iliyogoma na kutafuta namba mbili, anwani ya kompyuta yenyewe na anwani ya ruta, kwa sababu hizo humwonyesha hitilafu iko upande gani kabla hajagusa waya wowote.

Kwenye Windows hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, huandika cmd, hubonyeza Enter, kisha huandika ipconfig. Maandishi mengi hutokea, lakini mistari anayoitafuta ni miwili: IPv4 Address ni ya kompyuta, Default Gateway ni ya ruta. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kompyuta yenye Wi-Fi, tundu la waya na programu ya VPN huonyesha mafungu kadhaa, nao husoma fungu la kwanza waliloliona. Fungu sahihi kwa kawaida ni lile ambalo mbele ya Default Gateway pana namba. Mengine huwa hayana kitu hapo. Kwenye Linux amri ni ip addr kwa kompyuta na ip route kwa ruta, ambayo anwani yake hufuata maneno default via.

Kupata namba ni kazi ndogo. Kuzisoma ndiko kwenye faida.

Tuseme kompyuta ni 192.168.1.23 na ruta ni 192.168.1.1. Katika mitandao mingi ya nyumbani na madukani, sehemu tatu za mwanzo zikilingana, vifaa hivyo viko kwenye mtandao mmoja. Fundi huandika ping 192.168.1.1. Ruta ikijibu, njia ya ndani ni nzima. Hufuata ping 8.8.8.8, seva ya Google: ikijibu huku tovuti hazifunguki, wa kushukiwa ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Lakini kompyuta ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, hakuna haja ya kumpigia mtoa huduma kwanza. Namba hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba anwani na kukosa jibu. Huenda kebo imelegea, au huduma ya kugawa anwani, DHCP, imezimwa ndani ya ruta.

Kisa kigumu zaidi huanzia kwenye nia njema. Mwenye duka ananunua ruta ya pili ili Wi-Fi ifike chumba cha nyuma, anachomeka kebo kwenye tundu lake la WAN, yaani la upande wa nje, na intaneti inapatikana. Baadaye kompyuta za mbele zinashindwa kuiona printa iliyounganishwa na ruta hiyo mpya. ipconfig inafichua siri: mbele ruta ni 192.168.1.1, nyuma ni 192.168.0.1. Duka moja limekuwa na mitandao miwili, na ruta ya pili inazuia wa mbele wasiingie. Dawa ni kuiweka ifanye kazi ya Access Point tu, yaani kusambaza Wi-Fi, ili ugawaji wa anwani ubaki kwa ruta ya kwanza.

Anwani hizi za 192.168 zinafanana Mwanza na Mombasa kwa sababu zilitengwa kwa matumizi ya ndani katika waraka wa RFC 1918 wa Februari 1996, pamoja na zile zinazoanza na 10 na zile za 172.16 hadi 172.31. Anwani zote za IPv4 hazifiki bilioni 4.3, na Februari 2011 akiba kuu ya dunia iligawiwa mafungu yake ya mwisho. Ndiyo maana duka zima hutoka nje kwa anwani moja, kama shule yenye mamia ya wanafunzi inavyopokea barua kwa S.L.P. moja.

Kwa hiyo ruta ina anwani mbili, na ile ya nje haionekani kwenye ipconfig. Fundi huandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, huingia kwa nenosiri (likiwa bado lile la kiwandani, libadilishwe siku hiyohiyo), kisha husoma anwani ya WAN. Huilinganisha na ile inayotajwa na tovuti yoyote ya kuonyesha anwani ya mtumiaji, VPN ikiwa imezimwa. Zikitofautiana, na hasa ile ya WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma naye anawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IPv4. Katika hali hiyo, mwenye duka anayetaka kutazama kamera zake akiwa nyumbani hatafanikiwa kwa kufungua poti kwenye ruta yake, hata arudie mara ngapi. Aombe anwani ya umma kwa mtoa huduma, ambayo huenda akailipia, au achague kamera zinazopitia seva ya mtengenezaji.