Kofia ya Viua na Jina la Mshonaji

Katika sanaa za mkono zilizostawi Unguja, Lamu na Ngazija, hapana iliyo karibu na ushairi kuliko kofia ya viua. Zote mbili zina kanuni kali, zote mbili huendeshwa kwa hesabu, na zote mbili huharibika hesabu ikikosewa japo kwa kidogo. Lakini shairi lina jambo ambalo kofia haina. Mtunzi wa shairi aghalabu huacha jina lake, au lakabu yake, katika ubeti wa mwisho. Mshonaji wa kofia haachi kitu. Upungufu huu si wa sanaa yenyewe. Ni wa hadhira yake: wanaovaa, wanaouza na, zaidi ya wote, wanaokusanya.

Kwanza itazamwe fani. Kofia ya viua ina sehemu mbili: ukanda unaozunguka kichwa, na duara la juu. Kila sehemu ni ya tabaka mbili za kitambaa cha pamba. Nakshi huchorwa kwa penseli, kisha kitambaa hutobolewa kitundu kimoja kimoja, na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano mpaka ukakaza na kusimama kama ua dogo. Ndiko lilikotoka jina. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, na iliyo nzito huchukua miezi. Wala vitundu hivyo si pambo tupu: hupitisha upepo kichwani katika nchi ya joto. Hapo uzuri na manufaa havitenganishiki.

Ugumu mkubwa umo katika ukanda. Maua hayana budi kugawika sawasawa juu ya mzunguko wa kichwa cha mtu mmoja, na kichwa hakiongezwi wala hakipunguzwi ili ua la mwisho lipate nafasi. Mshonaji asiyepiga hesabu mapema hukuta nakshi imekatika nusu pale ncha mbili zinapokutana. Aibu yake ni ile ile ya mshairi wa tarbia aliyefika mizani ya kumi na nne na maneno yamemwishia, ilhali mshororo unataka kumi na sita. Kwa sababu hiyo kofia iliyo bora, kwa asili yake, ni kofia ya kuagizwa: hupimwa kichwa kwanza, ndipo huchorwa.

Maudhui yake nayo si mepesi. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonesha jinsi mavazi yalivyobadilika Unguja baada ya utumwa kufutwa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo mtumwa wa kiume hakuruhusiwa kufunika kichwa. Baada ya hapo, waliokuwa watumwa walivaa kanzu na kofia, na kwa kuvaa huko walitangaza kwamba wao sasa ni watu wenye kujimiliki. Basi kofia hapa haikuwa urembo tu. Ilikuwa hoja, tena hoja iliyotolewa bila ya kufungua kinywa.

Tofauti hii huonekana zaidi kofia ikiwekwa karibu na tarbushi, ambayo wapenda vitu vya kale huitafuta kwa hamu. Sultani Mahmud II aliifanya tarbushi kuwa vazi la askari wake katika miaka ya 1820, na baadaye la watumishi wa dola ya Uthmaniya. Nyingi zilitoka katika viwanda vya Austria-Hungary, hata Waturuki walipozisusia bidhaa za Austria mwaka 1908 kwa sababu ya Bosnia, tarbushi nazo zilisusiwa. Novemba 1925 sheria ikaipiga marufuku Uturuki. Huku kwetu Afrika Mashariki ilivaliwa na askari wa King's African Rifles, nao pia waliivaa kwa amri. Tarbushi ililetwa na dola na ikaondolewa na dola. Kofia ya viua haikuletwa na amri ya yeyote, na kwa hiyo hapana amri iliyoweza kuiondoa. Waliokwenda Oman baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi zaidi baada ya 1970, walikuwa nayo vichwani, na leo kofia ya namna hii ni vazi la kila siku la mwanamme wa Oman, ingawa katika shughuli rasmi kinachotakiwa ni kilemba.

Sasa ije kofia ya mashine. Wapo wanaoitukana, na matusi yao hayana insafu. Kijana anayekwenda kusali Idi kwa kofia ya bei nafuu anaitumia haki ile ile waliyoitafuta wazee wake baada ya 1897. Ingekuwa kinyume kikubwa kofia iliyowatoa watu katika unyonge igeuke kuwa kipimo kipya cha mwenye nacho na asiye nacho. Kosa la kofia ya mashine ni moja tu: kuuzwa kwa jina la viua. Ivaliwe, ila iitwe kwa jina lake.

Lawama iliyo nzito zaidi inamstahiki mkusanyaji. Huyu hununua kofia kuukuu iliyotolewa sandukuni na warithi, huitia katika kabati la kioo, na akiulizwa khabari zake hujibu kwamba ni ya zamani sana. Nani aliichora? Nani aliishona, kwani mara nyingine mchoraji ni mwengine na mshonaji ni mwengine? Ya mtaa gani? Hajui, wala hakuuliza siku ambayo jibu lilikuwapo. Anachokimiliki ni mfano wa diwani iliyochanwa jalada.

Msiba huu haukuzikumba pwani zetu peke yake. Kofia ya majani ya toquilla inayosukwa Ecuador, ambayo zilizo bora zake hutoka Montecristi, inajulikana duniani kote kwa jina la Panama, kwa kuwa ilipitia huko ikiuzwa kwa wasafiri katika karne ya 19. Theodore Roosevelt alipopigwa picha akiivaa kwenye machimbo ya mfereji mwaka 1906, jina hilo lilizidi kukita. UNESCO iliuingiza usukaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2012, lakini jina la soko lingali linalishinda jina la mkono.

Atakuwapo atakayesema kwamba washonaji wengi ni wanawake wafanyao kazi majumbani, na kwamba staha inataka majina yao yasitembezwe sokoni. Hoja hii ina uzito, ila haitoshi. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, akiwa nyumbani, na jina lake limedumu pamoja na utendi huo bila ya staha yake kupungua hata chembe. Asiyetaka kutajwa aachiwe khiari yake. Lakini aulizwe kwanza.

Kinachotakiwa kwa mkusanyaji si kikubwa. Awe na daftari, na humo aandike jina la mshonaji, mtaa, mwaka na bei aliyolipwa. Kofia kuukuu isiyostahimili tena maji na wanga aihifadhi, kisha nakshi yake aipeleke kwa mshonaji aliye hai, apimwe kichwa, alipe ujira wa haki, na kofia mpya aivae. Ikichafuka ifuliwe, itiwe wanga, ikaushwe juu ya faroma na ivaliwe tena. Hivyo ndivyo nakshi inavyoishi, kama shairi linavyoishi kwa kughaniwa. Kuisifu kofia huku aliyeishona hatajwi ni kumvika mtu kilemba cha ukoka, tena katika nchi ambayo mwalimu akimaliza kufundisha hudai kilemba chake na hupewa. Mshonaji naye ana chake, na bado hajalipwa.