Pengo Hujengwa Kwanza, Kisha Hutafutwa

Msaka rekodi ya pengo kati ya namba tasa mbili zinazofuatana hapiti namba moja baada ya nyingine akingoja bahati. Hutafuta kwanza mahali ambapo namba tasa zimekwisha kuzibiwa njia.

Chukua 2, 3, 5 na 7. Zao lake ni 210. Kutoka kwenye kigawe chochote cha 210, sogea hatua 2 hadi 10, mbele au nyuma: kila unapotua pana namba inayogawanyika kwa mojawapo ya hizo nne. Wanaobaki kutiliwa shaka ni majirani wawili tu, wa kushoto na wa kulia. Kwenye 210 yenyewe, 209 ni 11 × 19, kwa hiyo haina neno, lakini 211 ni tasa na mpango umeharibika. 420 inaharibika pande zote mbili. Vigawe saba vya mwanzo vinagoma hivyo hivyo, mpaka 1680: 1679 ni 23 × 73, na 1681 ni 41 × 41. Sasa hakuna namba tasa kati ya 1669 na 1693, ambazo zenyewe ni tasa. Pengo la 24, na wastani wa mapengo ya eneo hilo haufiki 8.

Rekodi kubwa hutumia zao la namba tasa nyingi zaidi, kisha kompyuta hubadilisha kizidishio. Chekeche huondoa zinazogawanyika kwa namba ndogo. Chache zilizosalia hupitishwa kwenye jaribio la Fermat, linaloweza kufichua kwamba namba si tasa bila kutafuta vigawanyo vyake. Tasa ikichomoza karibu mno na kigawe kilicho katikati, kizidishio hutupwa papo hapo. Hapo ndipo muda unapookolewa.

Urefu mtupu haumpi mtu sifa, maana mapengo hurefuka kadiri namba zinavyokua. Urefu hugawanywa kwa logi asilia ya namba pengo linapoanzia, ambayo ni takriban wastani wa mapengo ya hapo. Mwaka 2017 Gapcoin, sarafu ya kidijiti ambayo uchimbaji wake ndio huo usakaji (angalau umeme wake ulizaa kitu), ilitoa pengo la 8,350 baada ya namba yenye tarakimu 87: karibu mara 42 ya wastani.

Mimi bado navutiwa na la Bertil Nyman, 1999: 1,132 baada ya 1,693,182,318,746,371. Hilo halikujengwa, lilipatikana kwa kupekua namba zote bila kuruka. Ni mara 32 tu ya wastani. Lakini Harald Cramér alikisia mwaka 1936 kwamba mapengo makubwa kabisa hukua kama mraba wa logi hiyo. Kwa kipimo hicho Nyman amefika asilimia 92, na Gapcoin asilimia 21. Cramér akiwa sahihi, kwenye tarakimu 87 yapo mapengo yanayokaribia 40,000, na ujenzi wetu wote haujayagusa.