Namna ya Kumtambua Fox Aliyeiva

Watazamaji wengi wa gemu ya Super Smash Bros. Melee hushangilia mahali pasipostahili. Mhusika Fox akirukaruka huku na huko, akiwasha na kuzima shaini, ile kinga ya buluu inayomzunguka, mfululizo bila kumgusa mtu, ukumbi mzima unapiga kelele. Mimi hapo nanyamaza. Wepesi wa vidole huja kwa mazoezi, na vijana wengi wanao. Kwa mchezaji wa Fox natafuta jambo moja: je, kasi inampa nafasi ya kuamua akiwa ameshaona, au anaamua kwanza, kisha kasi inambeba tu?

Gemu hii ilitoka mwaka 2001 kwa ajili ya GameCube, ikiwa na wahusika 26. Katika mbio za moja kwa moja Captain Falcon anampita Fox. Kinachomfanya Fox aogopwe ni jinsi anavyoanza kila jambo upesi. Sekunde moja ina fremu 60. Ukibonyeza kitufe cha kuruka, miguu yake inaacha ardhi baada ya fremu 3 tu, na shaini hugonga katika fremu ya kwanza kabisa. Hakuna binadamu anayeweza kuiona ikianza akaikwepa.

Basi anza kumpima kabla hajapiga, wakati yeye na mpinzani wanaviziana. Mwanzoni mwa kuchomoka kuna kipindi kifupi ambapo mhusika anaweza kugeuka papo hapo. Kikipita, anakuwa ameshashika mbio, na kugeuka kunamgharimu muda. Ndiyo maana utaona Fox akichomoka mbele, nyuma, mbele, nyuma. Wengi hufanya hivyo kama mazoea ya mkono. Aliyeiva huifanya akiwa nje kidogo tu ya upanga wa mpinzani kama Marth, pale ambapo ncha inakata hewa. Marth akikosa, Fox anakuwa ameshaingia. Akiona Marth hapigi, anarudi nyuma bila hasara na kupiga risasi. Risasi zake hazimtikisi mtu, lakini zinaongeza asilimia za madhara, na polepole zinamlazimisha mpinzani aje. Fox anayesahau bunduki yake wakati kuna nafasi ya kutosha, mimi humpunguzia alama.

Kipimo cha pili ni kutua, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Teke lake la kujizungusha kuelekea chini humwacha amekwama fremu 18 akigusa ardhi. Akibonyeza kitufe cha ngao ndani ya fremu 7 kabla ya kutua, mkwamo huo unapungua nusu, unabaki 9. Kwenye mazoezi ni rahisi. Lakini pigo likimpata mtu, au likigonga ngao yake, wote wawili huganda kwa fremu chache, na wakati wa kutua unasogea. Mpinzani mjanja huinua ngao yake juu makusudi ili pigo liguse mapema na kumvurugia hesabu. Kwa hiyo ukiona Fox anatua vizuri kila mara, juu ya ngao, juu ya mwili na juu ya patupu, jua unamtazama mtu anayefuata kinachotokea, si anayepiga vitufe kwa wimbo aliokariri.

Kisha angalia fremu zinazofuata. Teke juu ya ngao, halafu shaini: hilo kila Fox analijua. Baada ya shaini, wa kawaida hurudia yaleyale. Mzuri anamchungulia mwenzake: akiendelea kushikilia ngao, anamkamata na kumrusha, akijiviringisha nyuma, anamfuata, akiruka, anamngoja hewani.

Kombo ndefu hazinitishi sana. Zinapendeza, ndiyo, na shaini inayomsukuma Peach akiwa bado amesimama huku Fox akiteleza nyuma yake ni raha ya macho. Ila tazama pia anavyokubali kuacha. Teke la juu la Fox hugonga mara mbili, na mpinzani anaweza kujisukuma nje baada ya pigo la kwanza, ambalo ni dhaifu. Mjuzi akijua anacheza na mtu wa namna hiyo, hachezi kamari. Anatua chini yake na kungoja.

Kumbuka Fox ni mwepesi wa uzito, 75 dhidi ya 117 za Bowser, na huanguka kwa kasi. Kwenye uwanja wa Final Destination, pasipo majukwaa ya kukimbilia, Marth anaweza kumkamata, kumrusha juu na kumkamata tena na tena. Kosa moja la haraka linaweza kumgharimu uhai mzima. Akitupwa nje ya uwanja, mruko wake wa moto wa kurudi humchukua zaidi ya nusu sekunde kabla ya kuondoka, na kila mtu anamwona. Fox wa daraja la juu hubadilisha njia: mara anapita chini, mara anakatisha mruko wa pembeni ukawa mfupi, mara analenga jukwaa badala ya ukingo.

Kwa kuanzia, tafuta mechi za Leffen wa Uswidi katika mashindano ya EVO 2018, Las Vegas, alipotwaa ubingwa na Fox wake akimshinda Mswidi mwenzake Armada kwenye fainali. Mara ya kwanza usihesabu mapigo. Fuata miguu ya Fox peke yake, hasa kila anaposita.